Uzoefu wangu na daraja la Wheatstone la kubebeka kwenye karakana ya mota, Shimanzi

Kwa koili za kuanzia omu moja hadi maelfu kadhaa, sanduku hili la kupima ukinzani (kiasi koili inavyozuia umeme) linaishinda multimita kwa mbali. Nimelitumia vya kutosha kusema hivyo bila kusita. Ila sharti ujue uwezo wake unaishia wapi, maana namba zilizoandikwa juu yake zinaahidi zaidi ya hapo.

Ni la mtumba. Lina nobu nne za ukinzani, za 1000, 100, 10 na 1, nobu ya uwiano ya 0.001 hadi 1000, galvanomita ndogo (kipimo cha sindano kinachohisi mkondo mdogo sana) na betri za volti 4.5. Kanuni aliieleza Samuel Hunter Christie mwaka 1833, na Charles Wheatstone akaieneza miaka kumi baadaye: sindano ikitulia kwenye sufuri, zidisha namba ya nobu kwa uwiano, umepata ukinzani unaoutafuta. Betri zikichoka jibu halipotoki, ila sindano inakuwa nzito kuhisi.

Lililonifanya nilipende ni mota ya pampu ya maji iliyoletwa kutoka Nyali, inapata moto bila sababu ya kuonekana. Tulizitenganisha koili zake tatu tukazipima. Multimita kwenye skeli ya omu 200 ilisoma 6.5, 6.6 na 6.4, na kwa vile tarakimu yake ya mwisho huyumba, mtu angesema ziko sawa. Daraja, tukishatoa ukinzani wa nyaya za kupimia, lilitoa 6.31, 6.32 na 6.20. Ya tatu imepungua karibu asilimia 2. Kuifungua, tukakuta vanishi imeungua na mizunguko imegusana.

Mbona tarakimu tatu, na nobu ni nne? Hapa ndipo wengi wanaponunua bila kuelewa. Daraja huhisi vizuri zaidi mikono yake minne, yaani vikinza vitatu vya sanduku na koili unayoipima, ikikaribiana kwa ukinzani: badiliko la asilimia 0.1 kwa volti 4.5 huipa galvanomita kama milivolti 1.1. Ukitaka kuisoma koili ya omu 6 kwa nobu zote nne, inabidi uweke uwiano wa 0.001, na kwenye sanduku langu koili inakaa mfululizo na omu elfu sita na kitu. Badiliko lilelile sasa linatoa maikrovolti 4.5 hivi, pungufu karibu mara 250. Nobu ya mwisho unaizungusha, sindano imelala tu. Kwa hiyo nafanya kazi kwa uwiano wa 0.01 na kuunga galvanomita nyepesi zaidi kuhisi kwenye tundu za nje. Kwa koili za omu mia na zaidi, ile ya ndani inatosha kabisa.

Joto nalo lina neno. Ukinzani wa shaba hupanda karibu asilimia 0.39 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Wakati wa kaskazi, mota iliyoshushwa kwenye pikapu kutoka juani ikiwa na nyuzi 10 zaidi itasoma karibu asilimia 4 juu, na kosa hilo linaufunika ugonjwa wote unaoutafuta. Tunaiacha ipoe kivulini, kisha tunapima koili zote tatu kwa mfululizo. Vikinza vya sanduku lenyewe ni vya manganini, aloi ambayo ukinzani wake haubadiliki sana kwa joto.

Hewa ya chumvi ndiyo adui wa swichi zake. Kabla ya kupima nazungusha kila nobu mwanzo hadi mwisho mara kadhaa, na vituo vya kufungia nyaya navisugua hadi ving'ae.

Kwa mota kubwa zenye koili chini ya omu moja silitumii. Hapo mguso wa klipu peke yake unaweza kuingiza sehemu za mia za omu, na kazi hiyo inataka daraja pacha la Kelvin lenye nyaya nne: mbili za mkondo, mbili za volteji. Hilo bado naliazima.