Wataalamu wa matumizi bora ya ardhi waliokuja kijijini kwetu: nyota 3 kati ya 5

Kamwene wadau. Mmeniuliza sana inboksi kuhusu wale wataalamu tuliowaita huku upande wa Ifunda, Iringa, sasa naandika mara moja nisirudie rudie. Nawapa 3, na moja kati ya hizo ni ya kijana aliyeshika GPS peke yake.

Tuliwaita sababu ya madalali. Gari inapaki pale lami, wanashuka wanapima kwa hatua, ukirudi mwezi ujao shamba la mahindi lina vigingi na kamba, ishakuwa viwanja. Na wanataka pale pale penye udongo mzuri maana ndo tambarare, kule kwenye changarawe hata uwape bure hawaendi.

Siku ya kwanza wakatandika picha ya satelaiti sakafuni ofisi ya kijiji, mkubwa wao akaandika karibu na lami makazi, bonde lote hifadhi, eti sheria ya mazingira ya 2004 inasema mita 60 toka mtoni. Dakika kumi kamaliza. Mama mmoja akamuuliza, mwanangu, vinyungu vyetu, hizi bustani za bondeni tunazolima kiangazi, umeviweka wapi? Jamaa hajui kinyungu ni nini! Unapanga ardhi Iringa hujui kinyungu, kiangazi unadhani tunakula nini.

Yule kijana ndo akavua viatu akashuka na kina mama bondeni, akavuta futi kamba toka ukingoni mwa mto mpaka mita 60 kweli, matuta yaliyo ndani yakaachwa yawe hifadhi (mimi nimepoteza manne, iliniuma), yaliyo nje yakaingia kwenye ramani kama kilimo. Makazi yakasukumwa kule kwenye changarawe. Mkutano mkuu wa kijiji tulibishana mpaka giza, ukapitisha.

Sasa ubovu. Ramani waliahidi wiki mbili, imekuja baada ya miezi mitano, nakala moja tu, na imefungiwa kabatini kwa mtendaji. Juzi dalali kaja na mteja, tunamwambia hapa kilimo, anasema nionesheni palipoandikwa, ikabidi tumkalishe na soda saa nzima tukimsubiri mtendaji arudi toka mjini na funguo. Alivyoona ile kijani ya kilimo kwenye ramani na muhuri kaondoka soda haijafika nusu.

Mkiwaita, hela ya mwisho toeni mkishakabidhiwa nakala tatu, moja ibandikwe nje ukutani. Na mwombeni yule kijana.