Kimzani cha kupimia dawa ya mvinyo, nina hasira nacho mpaka sasa

Kama unatengeneza mvinyo wako nyumbani hapa Dodoma na unataka kununua hivi vimizani vya mfukoni vinavyoandika mpaka gramu 0.01, ngoja kwanza.

Mimi napimia metabisulfaiti ya potasiamu, ule unga mweupe unaozuia mvinyo usigeuke siki. Dawa yenyewe ni kidogo mno, ndoo ya lita 20 ya mchuzi wa zabibu ukitafuta miligramu 50 za salfa dayoksaidi (ile gesi inayotoka kwenye huo unga) kwa lita inakula kama gramu 1.7 za unga tu, na kijiko cha chai hakisaidii kabisa maana leo unga umeshindiliwa kesho umelegea. Ukizidisha mvinyo unanuka kiberiti, ukipunguza unachacha. Zabibu zetu tunavuna mara mbili kwa mwaka, ukiharibu ndo usubiri msimu mwingine.

Sasa sikia. Naweka karatasi, nabonyeza sifuri, nadondosha unga kidogo kidogo kwa ncha ya kisu. Namba haisogei! 0.00, 0.00, 0.00, na kilima cha unga nakiona kwa macho yangu kinapanda. Mara inaruka kwenye 0.14. Nikaumimina ule unga wote kwa mkupuo kwenye karatasi nyingine niliyoanza nayo sifuri upya, ukasoma zaidi ya hapo, tena sana tu. Kumbe hivi vimizani vimetengenezwa vijirudishe sifuri vyenyewe, mzigo ukiingia polepole mno kinadhani ni kuyumba kwa namba tu kinaufuta. Kwenye boksi hakuna aliyeandika hilo, wameandika usahihi wa hali ya juu!

Nikakirudisha dukani, duka moja tu la mjini. Yule kijana hata macho hakuinua kwenye simu, akanijibu mbele ya watu, "Mama huu mzani wa dhahabu, kama unapima unga nenda kanunue wa sokoni." Nikamwambia haya, weka jiwe la gramu 100 tuone. Eti jiwe hatuna. Unauza mizani huna jiwe! Mama wa nyanya sokoni mzani wake unakaguliwa na Wakala wa Vipimo na kubandikwa stika, huyu anauza cha kupimia dhahabu na hawezi kukuonyesha kama kinasema kweli. Na hela hakurudisha, na samahani hakusema.

Ila niwe mkweli, kupima chenyewe kinapima. Nilivuta maji mililita 5 kwa bomba la sindano nikayamimina kwenye kikombe, kikasoma karibu kabisa na gramu 5, nikarudia yakaja yaleyale. Dirisha lazima lifungwe na feni izimwe, upepo wetu huu wa Dodoma unachezesha namba kama mtu anakigusa. Halafu weka kikombe, USIBONYEZE sifuri, andika uzito wa kikombe, mimina unga, toa hesabu mwenyewe. Hapo hakipati sifuri ya kujirudishia, na tangu nifanye hivyo ndoo zangu zinatoka sawa. Kwa bei yake basi tuseme kinafaa.

Hapana jamani, hakifai. Kwa nini mimi ndo nikae nahangaika na sindano na kutoa hesabu usiku, wakati yule kijana angeniambia kwa dakika moja tu, au angenyamaza bila kunidharau? Jirani yangu naye alinunua palepale, yeye hakujua habari ya sifuri, akazidisha dawa pipa zima, hamira ikagoma na mvinyo hauchachuki mpaka leo. Zabibu zile kazipalilia mwenyewe kule Mpunguzi, kamwagilia kwa ndoo!

Kama kuna mtu anajua duka hapa mjini linalokuwekea jiwe kwenye mzani kabla hujatoa hela aniambie, hata kama liko Nkuhungu nakwenda leo.