Mkojo kuvuja baada ya kutolewa kizazi: mazoezi au pete?

Kwa mama wa Ngamiani, Tanga, anayevujwa na mkojo akikohoa au akiinua ndoo, tungeanza na mazoezi: bana misuli kama unayezuia mkojo, sekunde 8, legeza, rudia mara 8, kutwa mara 3, kwa miezi 3. Wengi hukosea kwa kubana pumzi na makalio. Hapo nguvu husukuma chini badala ya kuvuta juu.

Pete ya silikoni ukeni haingoji miezi, na uke ukiwa umeshuka husaidia zaidi. Ila daktari ndiye huipima, kidonda cha ndani kikishapona: ndogo huchomoka, kubwa huchubua.

Mkojo ukitiririka mfululizo usiku na mchana, huenda ni fistula, yaani tundu kati ya njia ya mkojo na uke. Wahi hospitali ya Bombo, mama, usione haya.