Seti ya kujitengenezea snoubodi: vifaa safi, maelekezo aibu tupu

Niseme mapema: kama unaitaka seti hii ya kujitengenezea snoubodi, yaani ubao wa kutelezea kwenye theluji ukiwa umesimama, ili kuokoa pesa, nunua ubao wa dukani ukateleze. Hii ni ya mtu mwenye randa, msasa na ubishi. Mimi ni fundi wa makabati, mbao ndizo mkate wangu, na bado ilinitoa jasho.

Vifaa havina mfano. Moyo wa ubao ni vipande vya mpopla (mti wa mbao laini) na mianzi vilivyogundishwa ubavu kwa ubavu, nyuzi zote zikifuata urefu. Unakuja na unene wa milimita 8, nawe unauranda taratibu hadi ncha zibaki kama milimita 2. Mpopla unarandika kwa raha. Mianzi ndiyo inayokula meno ya kisu, kwa hiyo noa kwanza.

Kilichonifurahisha zaidi ni plastiki ya chini. Ni polithini ngumu, na polithini haikubali gundi hivi hivi. Hawa wamekwisha kuikwaruza na kuipitisha kwenye moto upande mmoja, na upande huo wameuwekea alama. Nilibandika kipande cha majaribio nikakibandua kwa koleo: mbao ndiyo iliyochanika, gundi haikuachia. Pia wameweka mkanda mwembamba wa mpira wa kupita juu ya makali ya chuma. Usiuone mdogo ukautupa. Chuma na faibaglasi (kitambaa cha nyuzi za kioo kinachogundishwa kwenye ubao) havitanuki sawa kwenye joto na baridi, na mpira huo ndio unaovipatanisha.

Sasa maelekezo. Karatasi moja! Kukunja makali yafuate mviringo wa pua, yaani ncha ya mbele, kazi ngumu kuliko zote, wameiandikia sentensi moja. Unakunja kidogo, unalaza juu ya plastiki, unatazama mwanya, unakunja tena, halafu unashika kwa matone ya supaglu. Kuhusu epoksi, gundi ya kuchanganya ya kushikanisha tabaka zote, hawakusema kwamba ikirundikana kikombeni hujichemsha yenyewe hadi itoe moshi. Imwage kwenye sinia pana mara tu ukishaikoroga, na glavu usivue.

Kalibu na pampu ya kunyonya hewa havimo, na tangazo linalitaja hilo kwa herufi za sisimizi. Kalibu niliichonga mwenyewe kwa mbavu za plaiwudi. Pampu niliazima, na hapo ndipo utamu ulipo: unaufunga ubao ndani ya mfuko wa plastiki, na ukitoa hewa humo, hewa ya nje inakandamiza kwa karibu tani 10 kwa kila mita ya mraba. Ubao una eneo la kama mita 0.4 za mraba, kwa hiyo ni tani 4 hivi, bila jeki hata moja.

Nati za kufungia viatu ni M6 (za skrubu ya milimita 6), kwa mpangilio wa kawaida wa sentimita 4 kwa 2. Vibandiko vya kuziba matundu yake vilikuwa pungufu. Muuzaji alijibu kwa adabu na kutuma vingine, lakini vilifika ubao umeshakauka. Nilikuwa nimeziba kwa selotepu.

Ubao wenyewe? Mzito kuliko wa kiwandani na mkavu kidogo kupinda, ila kwenye barafu makali yanashika hasa. Mwaka 1965 Sherman Poppen, anayetajwa kama baba wa snoubodi, aliunganisha ski mbili (mbao nyembamba za kuvaa miguuni kutelezea thelujini) huko Muskegon, Michigan, binti zake wakateleza nazo wamesimama, wala hakuhitaji pampu. Lakini yeye hakuwa anatafuta kona kali kwenye barafu.

Nyota nne. Ya tano imeliwa na ile karatasi. Ukiagiza, waulize kama wana makali yaliyokwisha kukunjwa. Wakiwa nayo, lipia hiyo ziada bila kubishana.