Valvu ya turbo ya Subaru: ipi ununue kwanza

Ukiondoa mguu kwenye mafuta, Forester au Impreza yako ya turbo ikatoa "tu-tu-tu" kama kuku anayetafuta pa kuatamia, usishangilie. Mlango wa hewa wa injini umefungwa, turbo, ile feni inayoshindilia hewa kwenye injini, bado inazunguka, na hewa iliyokwisha kushindiliwa imekosa pa kupita, inarudi kugonga mapanga yake. Kazi ya valvu ni kuifungulia njia.

Namba moja kwangu ni ileile ya kiwandani, inayorudisha hewa kwenye paipu ya kuingilia, nyuma ya sensa ya hewa. Vijana hawapendi kusikia, maana haipigi kelele. Lakini sensa ya Subaru hupima hewa mara tu ikitoka kwenye filta, na kompyuta inamwaga mafuta kwa hesabu hiyo. Ukiitoa hewa nje, mafuta yake yanabaki: moshi mweusi, gari kushtuka unapobadilisha gia, wakati mwingine kuzima kabisa ukisimama kwenye taa nyekundu za barabarani.

Ya mtumba kutoka Japani inafaa, ila ipime palepale dukani. Sukuma kizibo chake ndani kwa kidole, ziba kwa kidole kingine kitundu cha mpira mwembamba wa vakyumu, kisha achia kizibo. Kikibaki ndani, lipa. Kikirudi papo hapo, diaframu, yaani utando wa ndani, imechanika, mrudishie mwenyewe.

Ya pili ni ya pistoni ya chuma, nayo iwe ya kurudisha hewa. Turbosmart na GFB za Australia, au Forge ya Uingereza, ni kazi safi. Nunua hii kama umeongeza presha ya turbo. Kama hujaongeza, pesa hiyo weka kwenye oili nzuri. Pistoni inataka kusafishwa na kupakwa grisi, ikikauka inakwama.

Za nusu kwa nusu, sehemu ndani sehemu nje, naziweka ya tatu. Starehe tu.

Ya mwisho ni ya kutoa hewa yote nje, hasa nakala za bei ya chee. Niliwahi kuinunua ikiwa na nembo inayong'aa. Springi yake ilikuwa laini kiasi kwamba ilivuja hata nikiwa nimekanyaga mafuta, gari likawa halipandi mlima.

Yoyote utakayochukua, dai gasketi mpya. Ile kuukuu ikivuja, utailaumu valvu bure.