Altaneta za 1NZ: mtumba wa Japani, mpya ya boksi au iliyofufuliwa?

Ukienda dukani kutafuta altaneta (otaneta, kama mafundi wengi wanavyoiita, kifaa kinachochaji betri injini ikizunguka) ya IST NCP61, Probox au Corolla NZE121 yenye injini ya 1NZ-FE, utaonyeshwa ama Denso (chapa ya Kijapani) ya mtumba iliyofunguliwa Japani, ama mpya ya boksi yenye jina usilowahi kulisikia. Njia ya tatu ni kupeleka ya kwako kwa fundi umeme aifufue. Kwa anayetaka kuifunga mwenyewe na kuisahau, Denso ya mtumba iliyowekwa kaboni (brashi zinazopeleka umeme kwenye rota inayozunguka) na beringi mpya ndiyo bora. Kufufua ya kwako inafuata kwa karibu sana, mradi koili (nyaya za shaba zilizosokotwa ndani) hazijaungua. Ile ya boksi ya bei chee inaburuta mkia.

Tatizo la ya boksi liko ndani. Ishike mkononi pamoja na Denso, mara nyingi utahisi ni nyepesi, kwa sababu shaba ni kidogo. Lebo inaweza kusema 100A (ampea 100), lakini washa taa kubwa, AC na hita ya kioo cha nyuma gari likiwa silensa (linaunguruma bila kukanyaga mafuta), uone mita ya umeme betrini inavyoteremka chini ya volti 13. Dayodi zake (zinazogeuza umeme uwe wa kuchaji betri) hazivumilii joto, na regyuleta (inayodhibiti volti) ndiyo hufa mapema zaidi: ama haichaji kabisa, ama inapitisha volti 15 na zaidi mpaka maji ya betri yanachemka.

Mtumba nao una mitego. Soma namba kwanza: nyingi za Toyota kwa injini za familia ya NZ huanza na 27060-21. Linganisha na ya kwako ampea, idadi ya mifereji ya puli (gurudumu linalozungushwa na mkanda) na, muhimu kuliko vyote, pini za soketi. Za zamani zina pini tatu: IG inayoamsha regyuleta, S inayosoma volti za betri, na L ya taa ya dashibodi. Nyingine zina pini nne. Usikubali kuambiwa "itaingia tu, tunakata waya".

Zungusha puli kwa mkono. Ikikwaruza au kucheza, beringi zimekwisha. Nusa kwenye matundu ya hewa: harufu ya vanishi iliyoungua maana yake koili zimepata moto, iache hapo hapo. Kifuniko cha nyuma kikifunguliwa, kagua kaboni, na pete za shaba zinazosuguana nazo zisiwe na mfereji unaonasa kucha. Pima kati ya pete hizo mbili: ohm 2 hadi 3 ni sawa, na kati ya pete na bodi mita isisome kitu. Duka lenye mashine ya kupimia litaifunga na kuizungusha mbele yako bila kununa. Lisilotaka, usiliachie pesa.

Kabla ya kununua chochote, hakikisha mgonjwa ni altaneta kweli. Betri iliyopumzika ina volti 12.6 hivi, na injini ikiunguruma inapaswa kusoma kati ya 13.8 na 14.4. Ikibaki kwenye 12, angalia mkanda, fyuzi kubwa iliyoandikwa ALT na waya wa ethi (wa hasi) unaotoka kwenye injini kwenda bodi. Swichi ikiwa ON kabla ya kuwasha, taa ya betri lazima iwake. Isipowaka, shuku soketi, balbu au regyuleta. Na ule mtindo wa kuchomoa terminali ya betri injini ikiwa inanguruma ili "kuijaribu" altaneta uachwe kabisa. Volti hupanda ghafla, na kontroli boksi (kompyuta ya gari) inaweza kuungua, nayo ni ghali kuliko altaneta yoyote.

Kuifunga ni kazi ya saa moja kwa spana za 10, 12 na 14. Toa terminali hasi ya betri kwanza, kwa sababu waya mnene wa B (unaotoka altaneta kwenda betri) una umeme muda wote na ukigusa bodi cheche zake si za mchezo. Chomoa soketi kwa kubonyeza ulimi wake (plastiki ya zamani hukatika, usivute waya), vua kofia ya mpira, fungua nati ya B. Legeza bolti ya mhimili na ile ya kwenye uwazi wa kurekebishia, sukuma altaneta kuelekea injini, toa mkanda, kisha toa bolti na uivute. Kama inagoma kutoka, gonga taratibu kwa mpini wa nyundo. Mpya ikigoma kuingia, bushi ya kwenye mguu wake ndiyo imebana. Irudishe nyuma kidogo kwa kuigonga.

Wakati wa kuvuta mkanda, tumia kipande cha mbao kwenye chuma cha altaneta, si bisibisi kwenye matundu ya hewa. Kama gari lako lina bolti ndefu ya kuvutia, zungusha hiyo. Mkanda ukilegea utapiga kelele na kuteleza, ukikaza mno utaua beringi. Kumbuka kwenye 1NZ mkanda huohuo unazungusha pampu ya maji, kwa hiyo wenye nyufa usiurudishe. Ukikatika barabarani, simama mara moja kabla injini haijachemka. Nati ya B ikaze vizuri bila kutumia nguvu za punda, maana ikilegea inaunguza waya, na ikizidi uzi wake unakatika.

Betri iliyokufa kabisa ichajiwe kwa chaja kabla ya kuwasha, vinginevyo altaneta inafanya kazi kwa nguvu zake zote tangu dakika ya kwanza na dayodi zinapata moto. Kisha pima ukiwa umewasha taa na AC: isishuke chini ya 13.2. Geuza mita kwenye volti za AC (umeme wa mawimbi, si kiyoyozi), upime betrini injini ikiunguruma. Ikisoma zaidi ya volti 0.5 kuna dayodi mbovu, na hiyo inaweza kunyonya betri usiku. Irudishe dukani siku hiyohiyo. Ya zamani usiiuze kwa wauza vyuma chakavu, bodi na rota yake ni mtaji wa kufufua nyingine.