Uzoefu wangu na Internet Identity: kuingia bila nywila, bila kufuatiliwa

Internet Identity, huduma ya kuthibitisha utambulisho wako unapoingia kwenye programu za mtandaoni, ndiyo ninayoitumia kuingia OpenChat, programu ya kuchati, kuzungumza na wenzangu, na NNS, mfumo wa uongozi wa mtandao wa Internet Computer unaoendesha programu hizi, kupigia kura mapendekezo ya mtandao huo. Ilizinduliwa Mei 2021 pamoja na mtandao wenyewe, ambao waanzilishi wake ni taasisi ya DFINITY ya Zurich, Uswisi. Huulizwi nywila. Unaweka kidole kwenye simu, umeingia.

Wepesi huo ni mzuri, ila mimi nimeipendea faragha. Ukiingia kwenye tovuti kwa pochi ya Ethereum, mtandao mwingine wa sarafu za kidijitali, anwani yako ni ileile kila uendako, na kwa kuwa blokcheni, yaani daftari la pamoja la miamala, iko wazi, mwenye tovuti anaweza kuchungulia salio na miamala yako ya nyuma. Ukiongeza jina la .eth, linalosimama badala ya anwani hiyo, lenye jina lako halisi, ni kama kutembea umebandika taarifa ya benki kifuani. Internet Identity hutengeneza utambulisho tofauti kwa kila programu. OpenChat inanijua kwa namba moja, NNS kwa nyingine kabisa, na kwa kuzitazama namba hizo tu huwezi kusema ni za mtu mmoja.

Ndiyo maana wageni hushtuka: ICP (sarafu ya Internet Computer) ulizoweka kwenye programu moja hazionekani ukiingia nyingine, ingawa kidole ni kilekile. Hazijapotea. Ziko chini ya utambulisho mwingine, na unazihamisha kwa muamala wa kawaida, ada ICP 0.0001.

Suala la kupoteza simu ndilo lichukuliwe kwa uzito. Laini ya M-Pesa ikipotea, unakwenda dukani na kitambulisho, unarudishiwa namba na pesa zako. Hapa hakuna dirisha la kwenda. Siku unayofungua akaunti, sajili kifaa cha pili na uandike maneno 24 ya kurejesha akaunti kwenye karatasi, si kwa kupiga picha ya skrini.

Toleo jipya linakubali pia kuingia kwa akaunti ya Google. Kwa anayetaka kuchati tu, sioni ubaya. Lakini NNS, ambako ICP hufungiwa hata kwa miaka, naingia kwa vifaa vyangu tu. Sitaki akaunti ya barua pepe ikidukuliwa iwe njia ya kufikia akiba yangu.